Maji Baridi Kwenye Rejeta

"Nimeshakwambia rejeta nimeisafisha! Nimeisafisha mbele, nimeisafisha nyuma. Unataka niilambe?"

"Ilambe basi, kama ndiyo dawa," Lisbet akamjibu kaka yake. "Mama yuko narani maji yanamwishia, wewe unanifokea mimi. Kwani mimi ndiye ninayechemka?"

Hiskia akaitupa spana mchangani, halafu akainama kuiokota, maana hakuwa na nyingine.

Kati yao ilisimama pikipiki ya magurudumu manne, ile ya matairi manene inayopanda mchanga kama mende anavyopanda ukuta. Nyumbani waliiita Punda, kwa kuwa ilikuja baada ya punda wao kufa kwa ukame. Mwaka mzima ilikuwa imebeba bila kulalamika. Wiki ile, ambayo ndiyo haikutakiwa kugoma, ikagoma.

Ulikuwa msimu wa nara, yale matikiti ya miiba yanayoota ng'ambo ya vilima vya mchanga, mahali ambapo mimea mingine haithubutu. Kila mwaka Mama Kornelia alikwenda kwenye vichaka vya ukoo wake, akalala katika kibanda cha fito, akachuma na kupika rojo mpaka msimu uishe. Hakuwa mwanamke wa kuacha nara. Anayeacha nara, alikuwa akisema, amewapikia mbweha. Kazi ya Hiskia ilikuwa kumpelekea maji na kurudi na magunia. Maji yalitakiwa yafike Jumatano. Sasa ilikuwa Jumamosi, na upepo wa mashariki ulikuwa umeanza kuvuma, ule unaokausha mate kabla hujayameza. Majirani wenye mikokoteni wote walikuwa narani, mbali, upande wa baharini. Gari la mwalimu lingezama kwenye kilima cha kwanza. Simu huko haishiki.

Kila Hiskia alipojaribu kwenda, mambo yalikuwa yale yale. Punda alifika chini ya kilima cha kwanza, taa nyekundu ya joto ikawaka, injini ikaanza kulia kama sufuria iliyosahauliwa, naye Hiskia akarudi akiisukuma, jasho na matusi vikimtoka pamoja.

"Tuanze upya," alisema sasa, sauti imeshuka. "Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Vumbi na makapi ya majani nimetoa. Themostati inayofungulia maji njia nimeichemsha kwenye sufuria, umeona mwenyewe ilivyofunguka."

"Kwenye sufuria ya uji, ndiyo. Nimeiona na nimeionja."

Hiskia hakucheka. "Nikaitoa kabisa, bado inachemka. Oili ni safi, haina weupe wa maziwa, kwa hiyo gasketi haijaungua. Pampu ni nzima. Nimeinua magurudumu ya mbele kwenye tuta nitoe hewa, mapovu yakaja, yakaja, yakaja, hayakwisha. Hewa gani hiyo isiyokwisha? Imeingilia wapi?"

Aliwasha injini. Wakakaa wanaitazama kama watu wanaomngoja mgonjwa aseme anaumwa wapi. Haikuchukua muda. Taa ikawaka. Lisbet akatema mate kwenye injini, mate yakaruka na kutoweka.

"Zima, zima!"

Akazima. Na hapo Lisbet, kwa hasira tu, akachukua kitambaa na kukishika kifuniko cha rejeta.

"Usifungue! Utaungua uso, we mtoto!"

Lakini alikwisha kukizungusha. Hakukutoka mvuke. Hakukutoka hata tone. Maji yalikuwa yametulia humo ndani, meusi, yamejaa mpaka mdomoni. Lisbet akachovya kidole, akakitoa haraka, akakitazama.

"Kaka. Ni ya baridi."

"Haiwezekani."

"Tia kidole."

Hiskia akatia. Yalikuwa baridi ya ukungu wa alfajiri, baridi inayouma kwenye mfupa, na hali injini iliyokuwa shibiri moja kutoka hapo ingeweza kukaanga yai.

"Maji hayazunguki," alisema, na kwa dakika moja alionekana kufurahi, maana ni afadhali sababu mbaya kuliko kukosa sababu. "Kuna kitu kimeziba."

Akavua mipira yote ya maji, akaipuliza kwa mdomo, upepo ukapita. Akamimina maji ndani, yakapita. Akairudisha mipira, akaibana, akajaza maji yale yale, akawasha. Taa ikawaka. Akapiga tangi teke, akajiumiza kidole cha mguu, akaruka ruka kwa mguu mmoja akiwatukana watengenezaji na mama zao.

Lisbet ndiye aliyeona. Injini ilikuwa imezimwa, feni imesimama, na mpira wa chini wa rejeta, ule mnene, ukatuna mahali pamoja. Uvimbe ukatembea. Ulitembea taratibu toka rejeta kwenda kwenye injini, kama donge la chakula linavyoshuka kwenye shingo ya nyoka, na ulipofika mwisho kukasikika ndani ya chuma sauti ndogo ya kumeza.

Kisha ikaja harufu. Harufu ya mafuriko, ya udongo uliolowa na matete yaliyooza, na mto wao mkavu wa Kuiseb ulikuwa haujapitisha maji juu ya mchanga tangu Lisbet alipokuwa mdogo.

"Hiskia," alisema polepole. "Maji haya uliyachota wapi?"

"Kisimani, wapi tena? Ile dawa ya kijani ya rejeta ilimwagika mpira ulipotoboka, nikabadilisha mpira, nikajaza maji. Maji ni maji."

"Kisima kipi?"

"Cha mtoni. Pale chini ya migunga."

"Ulimsalimia?"

Hiskia akajifanya anatafuta bisibisi.

"Kaka, ulimsalimia?"

"Nilikuwa na haraka! Mikono imejaa grisi, jua linanichoma, mama anangoja, nianze kuongea na shimo?"

Watu wa huko hawachoti maji ya mto hivi hivi. Maji yamelala chini ya mchanga, na yana mwenyewe. Waswahili wangemwita jini. Wao wanamwita Mwenye Maji, na jina lake jingine hawalitamki karibu na kisima. Ukifika unachukua mchanga, unaupitisha kwapani upate jasho lako, unautupa majini na kusema wewe ni mtoto wa mama yupi. Akishakunusa na kukujua, unachota, unakwenda zako. Hata watoto wanaotambaa wanafundishwa hivyo, kama wanavyofundishwa kumwamkia mkubwa.

"Kayarudishe," Lisbet alisema.

"Nirudishe nini? Maji ya rejeta? Lisbet, mimi ni fundi. Hii ni hewa imejificha mahali. Tukienda mwendo mkali upepo utaipoza. Panda."

Alipanda. Ningesema alikataa, lakini pipa la maji ya mama lilikuwa limekwisha kufungwa nyuma, maji safi kutoka tangi la kanisa, na kila alipofumba macho aliuona ule mdomo wa mama uliozoea kugomba, umekauka na kunyamaza.

Walikatiza mto mkavu na kuingia kwenye vilima saa ya jua la utosi. Kilima cha kwanza Punda alikipanda vizuri, Hiskia akapiga kelele za ushindi. Cha pili taa ikawaka. Hakusimama, akamkaza Punda, na injini ikaanza kupiga mluzi mwembamba, nao mvuke ukatoka chini ya rejeta, mweupe, mzito. Lisbet aliyekaa nyuma akaugeukia na kuona kwamba haupandi juu kama mvuke wa watu, bali umelala juu ya mchanga na kuteleza kandokando yao, ukienda kinyume cha upepo, ukipinda pale walipopinda, na ule mluzi, ambao mwanzoni ulikuwa mluzi wa birika tu, ukazidi kushuka na kupata koo na ulimi, mpaka akasikia, wazi kabisa, ndani ya chuma kati ya magoti ya kaka yake, mtu akiuliza.

"Naaani?"

Injini ikazimika yenyewe. Upepo ukaendelea kuvuma lakini haukuwa na sauti.

"Umesikia?" Lisbet alinong'ona.

"Ni mvuke."

"Mvuke unauliza?"

"Nyamaza, Lisbet. Nyamaza tu."

"Naaaani?" kikauliza tena chuma, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa na kukuta amehamishwa kitanda, na feni iliyokuwa imezimwa ikazunguka mara moja, ikasimama, na harufu ya matete ikawafunika vichwa katikati ya jangwa lile ambalo hata mfupa haunuki. Hiskia akafungua mdomo. Lisbet akamziba kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yake yakamgusa.

Walimsukuma Punda kurudi. Walisimama kwenye nyumba ya Bibi Apolonia.

Bibi Apolonia alikuwa mganga na pia kiongozi wa kwaya, na siku ile alikuwa na hasira kwa sababu sauti ya tatu haikuja mazoezini. Aliwasikiliza akiwa amekalia ndoo, kiko mdomoni. Kisha akazunguka Punda mara moja, akanusa mdomo wa rejeta, akachomoa kiko.

"Sasa ninyi mmemchukua mzee wa watu usingizini, hamkumwuliza, mmemkalisha juu ya moto, mnampandisha milimani. Na mnashangaa anachemka? Ningekuwa mimi ningewachemsha ninyi."

"Bibi, tunafanyaje?" Hiskia aliuliza, macho chini. "Mama yuko narani. Leo ni siku ya nne."

"Najua Kornelia yuko wapi, nilimpa chumvi mimi. Sikilizeni. Toeni maji yote. Siyo ya rejeta tu. Fungueni na ile nati ya chini ya injini, mpaka tone la mwisho. Lisimwagike hata moja chini. Mpelekeni kisimani, mmimineni, mgeuke, mwondoke. Basi."

"Na salamu?"

"Hakuna salamu!" Akamnyooshea kiko puani. "Salamu ni ya anayekwenda kuomba. Wewe unarudisha mali ya wizi. Mwizi hasemi jina lake, hasemi kabila lake, hasemi anakaa wapi. Atakuuliza wewe ni nani. Atakuuliza kwa upole, kama babu yako. Usimjibu. Umenisikia, Hiskia, wewe mwenye masikio ya mapambo?"

"Nimesikia, Bibi."

Walitoa maji kwenye beseni la kufulia. Yalikuwa mengi kuliko rejeta inavyoweza kubeba. Beseni lilijaa, ikabidi walete ndoo. Wakabeba mpaka mtoni, polepole, bila kumwaga, upepo ukipita juu ya beseni na maji yasitikisike.

Kisima kilikuwa shimo tu kwenye mchanga, chenye ngazi za miti, na chini yake kioo cheusi. Hiskia aliinamisha beseni. Maji yakaenda chini, na hayakufanya sauti yalipofika. Akamwaga ya ndoo. Kimya. Lisbet akageuka, akapiga hatua ya kwanza, akahisi mzigo unamshuka mabegani.

"Ninyi ni watoto wa nani?"

Sauti ilitoka chini, nayo haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mzee mpole aliyechoka, kama wale wanaokaa kando ya njia na kukusimamisha wakujue ukoo wako, nawe huwezi kupita bila kujibu, kwa sababu tangu unanyonya umechapwa kwa kosa hilo moja tu, la kumpita mkubwa kimya.

Lisbet aliposikia mchanga unakwanguliwa, alijua. Aligeuka akamwona kaka yake amepiga magoti ukingoni, mkono uko kwapani.

"Sisi ni watoto wa Kornelia, mzee," Hiskia alikuwa anasema, machozi yanamtoka, na mchanga ukamwagika kutoka mkononi. "Tusamehe. Sikukudharau. Mama yetu yuko peke yake narani, nyuma ya kilima kirefu chenye mgongo mwekundu, ana kiu, ndiyo maana nilikuwa na haraka. Tusamehe, mzee wangu."

Chini kule maji yakavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeridhika.

"Umefanya nini?" Lisbet alimvuta kwa shati. "Umefanya nini, Hiskia? Amekwambia nini Bibi? Kitu kimoja! Umeambiwa kitu kimoja!"

"Ameniuliza kwa adabu! Ningemgeuzia mgongo? Kosa la kwanza lilikuwa kutosalimia, sasa kusalimia nako ni kosa? Nimechoka, Lisbet! Kila ninachoshika ni kosa!"

"Twende tukamwambie Bibi."

"Atatuchelewesha. Kwanza mama."

Na kweli, mambo yakanyooka. Walijaza rejeta maji ya tangi la kanisa, wakatoa hewa, mapovu machache yakaja yakakoma. Injini ikapata joto lake la kawaida. Maji yakawa moto, moto wa kweli, Lisbet akaunguza kidole akafurahi. Hiskia akaondoka na pipa nyuma, na mlio wa Punda ukapotea ng'ambo ya vilima bila kukohoa hata mara moja. Lisbet akaketi mlangoni kumenya viazi, akisema moyoni kwamba pengine Bibi Apolonia anajua kwaya kuliko majini.

Hiskia alirudi mapema mno. Jua lilikuwa bado juu, na nyuma yake, juu ya pipa, alikaa mama.

"Nimemkuta kilima cha kwanza tu!" Hiskia alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Amekaa kivulini ananingoja. Nani angemwambia nimetoka?"

Lisbet alimkimbilia, akamkumbatia. Gauni refu la mama lilikuwa limelowa upindo wote.

"Jasho," alisema mama.

Hakugomba. Hiyo ndiyo iliyomchoma Lisbet. Walijipanga kupokea matusi ya siku nne, na mama akaingia ndani, akakaa, mikono mapajani, akawatazama mmoja mmoja kwa upole.

"Na magunia, mama?"

"Nimeyaacha."

"Umeyaacha? Nara zote?"

"Za nini?" alisema mama.

Hakutaka uji. Hakutaka chai. Pipa la maji liliteremshwa limejaa kama lilivyopakiwa. Akaenda kulala nyuma ya pazia jua halijatua, na Hiskia akasema amechoka, mwache, mtu mzima amekaa na jua siku zote hizo. Lisbet alitaka kumwamini. Alitandika mkeka karibu na mlango, mbali na pazia, akajiambia ni kwa sababu ya joto.

Ukungu uliingia alfajiri kutoka baharini, kama kawaida yake baada ya upepo wa mashariki kufa. Lisbet aliamka nyumba imejaa weupe na harufu ya matete. Mkeka wake ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yanakuja toka chini ya pazia, taratibu, kwa njia moja nyembamba iliyopinda huku na huku juu ya sakafu kavu, na alipoyagusa yalikuwa ya baridi ile ile.

Hiskia alikuwa macho, amejikunyata ukutani, akiyatazama.

"Kilima cha kwanza," alinong'ona. "Lisbet, toka narani mpaka pale ni safari ya siku mbili kwa mguu, na hakuomba hata tone la maji. Sikuwaza. Nilipomwona nilifurahi tu. Sikuwaza."

"Aliacha nara," Lisbet akanong'ona.

"Nilimwambia yuko wapi. Nilimwambia mpaka rangi ya kilima."

Nyuma ya pazia kitanda kililia, kama kitu kirefu kinajikunjua. Na hapo mlango ukagongwa. Haukugongwa kwa nguvu. Ulikuwa mkono usio na nguvu tena, unaokwaruza mbao, unapumzika, unakwaruza.

"Msifungue," alisema mama nyuma ya pazia, kwa upole.

Hiskia akamtazama dada yake, na dada yake akalitazama komeo. Nje mtu alikohoa kikohozi kikavu, kama ganda la nara linalovunjwa, akaupiga mlango teke moja dhaifu.

"Hivi ninyi watoto mna wazimu? Siku mbili nimewangoja na maji yenu hayaji, siku mbili nyingine nimekuja kwa miguu yangu ulimi unaning'inia, halafu bado nibembeleze kufunguliwa mlango wa nyumba yangu mwenyewe?"